Mteja Hataki Pole

Mume wangu ananiita Redio. Anasema tofauti yangu na redio ni kwamba redio ina kitufe. Sikatai. Farasi wetu nawazungumzisha tangu asubuhi ninapowafungulia mpaka jioni ninapowafungia, nao wamezoea; wapo wanaosinzia wima nikiwa katikati ya habari. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na mimi kwa maneno nimewatoa pangoni farasi waliokuwa wakali kuliko nyoka. Kwa hiyo alipokuja yule farasi jike akaukataa mdomo wangu, nilikasirika. Tena sana.

Alikuja amesimama ndani ya lori la mchanga, kwa sababu ndilo lililopatikana. Mlinzi wa ghala moja lililofungwa ndiye aliyetupigia simu. Mwenye farasi alikuwa akimkodisha kwa watu wa kupigia picha, na biashara ilipomwendea kombo akamfungia uani nyuma ya ghala, akaenda zake. Mlinzi alikuwa akimtupia majani na kumsogezea ndoo ya maji kadiri alivyoweza, mpaka roho ikamsuta akatafuta namba yetu. Tulipofungua mlango wa lori, mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, alisema neno moja tu: "Loo."

Mbavu zilijichora zote. Kamba ya kichwani ilikuwa imemkaa muda mrefu hata ikazama kwenye ngozi ya pua. Na kwato za mbele zilikuwa zimerefuka zikapinda kwa juu kama ndara, hivi kwamba alikuwa akitembelea visigino. Ile kamba tuliikata humohumo ndani ya lori, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kugoma. Alipokula na kunywa akapata nguvu, hakugusika tena.

Sisi tunaishi kwenye iliyokuwa gereji ya malori. Watu wenye farasi wao wanatulipa tuwatunzie, na mume wangu anachonga kwato. Ndiyo maana kila mtu anamwita Fundi. Pale magari yalipokuwa yakiegeshwa sasa kuna vibanda vinane vya farasi, na mvua ikinyesha sakafu bado inanuka oili. Farasi wa kuokotwa kama yule tunawaweka kwenye uwanja mdogo wa nyuma, wenye ukuta pande tatu na uzio wa mbao upande wa nne.

Daktari wa mifugo alikuja kumwona, akamtazama kupitia mbao za uzio. Ni mwanamke wa makamo, mkavu, hapambi maneno, na kazi yake anaijua.

"Ule ukwato wa kulia una usaha ndani," alisema. "Ona anavyouegemeza. Lazima uchongwe, utobolewe, halafu usafishwe kila siku mpaka upone. Anashikika?"

"Bado," nikasema. "Lakini si umpige sindano ya usingizi?"

"Kwa moyo ulionyong'onyea hivyo? Akilala haamki. Na hata akiamka, kila siku utampiga sindano?" Alifunga begi lake. "Dawa ya maumivu nitawaachia, mchanganye na pumba. Narudi mwisho wa mwezi. Nikikuta anashikika, nitafanya kazi na Fundi. Nikikuta hashikiki, sindano nitakayompiga ni ya mwisho, na wewe, mama, usije ukanipigia kelele. Mnyama hawezi kuachwa na maumivu yale kwa sababu sisi tunampenda."

Sikupiga kelele. Nilijua amesema kweli.

Basi tukaanza. Mume wangu ana njia yake, na ameitumia miaka yote. Huendi kwa farasi. Unakwenda upande wa farasi. Akikutazama, unaondoka. Unamfundisha kwamba jicho lake lina nguvu ya kukufukuza, na mwenye uwezo wa kukufukuza hana haja ya kukukimbia. Mwisho anaanza kukufuata yeye kuona umekwenda wapi. Mimi kwenye njia hiyo naongeza maneno, maana farasi aliyeteswa naona anahitaji kuambiwa.

Nikaingia uwanjani, nimeinamisha macho, mikono chini, sauti laini kama uji. "Pole mama. Pole mwaya. Pole sana, mwanangu."

Alirudi nyuma kwa kishindo akajigonga ukutani. Macho yakawa meupe. Nilipotoka alikuwa akitetemeka mpaka midomo.

Kesho yake vilevile. Nikampisha mume wangu, ambaye sauti yake ni ndogo hata mimi mke wake humwambia rudia. Akasema, "Polepole, mama, polepole." Ukuta ukapigwa tena. Kadiri tulivyozidisha upole ndivyo alivyozidi kuwa kichaa, na kila akijirusha alitua kwenye ule mguu mbovu.

"Mvumilivu hula mbivu," akasema mume wangu jioni moja tunanawa mikono.

"Na mwenye haraka hula mbichi, lakini analala ameshiba," nikamjibu. "Mwezi unakwenda, wewe."

Sasa nimtaje wifi yangu. Mdogo wangu wa mwisho alifariki kwa maradhi, na mke wake akaja kukaa kwetu na cherehani yake. Tulimpa chumba kilichokuwa stoo ya vipuri, chenye dirisha linalotazama ule uwanja mdogo. Alikuwa mcheshi zamani, ndugu yangu alikuwa akimwambia punguza. Lakini alipokuja kwetu alikuja na mwili tu. Anashona, anakula kidogo, anaosha sahani yake. Watu wakamiminika kumpa pole, na mtu akikupa pole unatakiwa ujibu, asante, nimeshapoa. Yeye alikuwa anawatazama tu. Jirani mmoja alishindwa kuvumilia, akamrudia, "Nimesema pole, mama." Wifi akamjibu, "Sijapoa." Jirani aliacha kikombe cha chai nusu.

Niliona aibu. Nikawa nampa pole mimi, kila asubuhi nikimpelekea chai, kama mtu anayempa mgonjwa vidonge. Alikuwa mke wa ndugu yangu. Nilifikiri nisipompa mimi atapewa na nani.

Kilichotufungua macho ni ndoo. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji kupitia kando ya uzio, mpini ukachomoka, ndoo ikaniangukia mguuni. Nikapiga ukelele. Yule jike aliinua kichwa kunitazama, basi, akaendelea na majani yake. Ndipo mume wangu, aliyekuwa mbali akinoa visu vyake, akasema, "Pole, mke wangu."

Farasi akaruka. Akakimbilia kona, akaupa ukuta mateke.

Cherehani ndani ya stoo ikanyamaza. Wifi akatoa kichwa dirishani. "Shemeji," akasema, "hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Subiri kwanza atulie." Tukasubiri. "Sasa sema kitu kingine. Kwa sauti hiyohiyo."

Mume wangu akafikiri, na kwa kuwa ni mwanaume na ilikuwa saa nne asubuhi, akasema, "Chai, mke wangu."

Farasi akageuza sikio moja.

"Sasa sema lile."

"Shemeji, ataumia."

"Kwa sauti ndogo kabisa."

"Pole," akanong'ona mume wangu. Na tukaona wenyewe: ngozi ya yule farasi ilisisimka kuanzia shingoni mpaka mkiani, akarudi nyuma, akajibana ukutani kama anayetaka kuingia ndani ya matofali.

"Si nyinyi anaowaogopa," akasema wifi. "Ni neno."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Kwa sababu hata mimi nikilisikia natamani kuruka ukuta."

Alirudi ndani. Nilibaki nimesimama kwenye dimbwi la maji, mguu unaniuma.

Nikampigia simu yule mlinzi. Nilipomuuliza kuhusu lile neno, alicheka kicheko kisicho na furaha. "Eeh, yule bwana alikuwa na adabu zake. Hampigi bila kumpa pole kwanza. 'Pole mama, pole sana, unanilazimisha,' halafu ndiyo fimbo. Mimi nikisikia pole huko uani, najua kimeanza."

Nilikata simu nikaenda nyuma ya vibanda nikamtukana mtu nisiyemjua mpaka nikaishiwa. Unapiga, basi piga kama shetani mwenzio anavyopiga! Lakini kuchukua neno jema tulilonalo, neno tunalomwambia hata aliyejikwaa njiani, ukalifanya ndilo kengele ya fimbo! Na sisi tulikuwa tukiingia pale kila siku, kwa upendo wote, tukimgongea kengele hiyohiyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tulikuwa tukimtupia nyoka mwenyewe.

Ikapigwa marufuku: ndani ya geti letu hakuna pole. Lakini jaribuni nanyi siku moja muone. Mtu akipiga chafya, akikwama na mzigo, akitoka kazini, akichoka, akiamka vibaya, linataka kutoka lenyewe. Hata polepole haisemeki. Muuza mkate akafundishwa getini. Mume wangu ndiye aliyetuokoa, bila kukusudia: nilijikata kidole, akafungua mdomo, akakumbuka, akasema, "Chai, mke wangu. Chai sana." Tukacheka. Kutoka chumba cha stoo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu. Wifi naye alikuwa amecheka, mara moja, kama mtu aliyetoroka.

Tangu hapo ikawa chai. Umeumia? Chai.

Mimi hata hivyo nilifungiwa nje ya uwanja. "Redio, ulimi wako haudhaminiki," akasema mume wangu. Nilinuna, lakini hakusingizia. Na kabla hatujaamua nani aingie, tukamkuta wifi ameshaingia. Hakuomba ruhusa. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amempa farasi mgongo, anapinda kwa mkono upindo wa suruali ya mteja.

Kutwa nzima hakusema kitu. Farasi alikaa kona ya mbali. Kesho yake wifi akarudi na ndoo yake. Mume wangu akamweleza ile njia yake kupitia uzio, naye akaishika upesi kuliko mimi nilivyoishika: farasi akimtazama, anainuka na ndoo yake anahama, farasi akigeuka, anarudi. Siku moja nikiwa nachungulia nikamwona yule jike amesogea, shingo ameinyoosha kama mwizi, ananusa kibweta cha nyuzi. Wifi aliendelea kushona.

Alipoanza kusema naye, alisema kama anavyosema na watu wanaokuja kushonewa, kwa sababu, alituambia, ndiyo maneno pekee aliyokuwa amebakiwa nayo. Alikuwa anataka kumshonea kamba ya kichwani ya kitambaa, isiyokwaruza kidonda cha pua. Basi akatoa tepu shingoni kwake akaiacha ining'inie. Farasi akainusa, akaitafuna, akaiacha. Baada ya siku kadhaa wifi akaigusisha begani, akaondoka. Akaigusisha shingoni, akaondoka. Hata asubuhi moja nikamwona mume wangu akiniita kwa kidole, nikaenda, nikaona: tepu ya kupimia imezunguka shingo ya yule farasi, na wifi anasoma vipimo.

"Simama wima, Mteja. Geuka. Hapo hapo. Inua mkono." Alimkuna kuanzia begani kushuka mpaka chini ya goti. "Inua mkono, dada, tupime kwapa."

Na Mteja, maana sasa ndilo jina lake, akainua mguu wa mbele. Kidogo tu, kama anayejaribu maji ya baridi. Wifi akauacha ushuke, akaenda zake.

Nilirudi jikoni nikapika nikaunguza.

Ile kamba ilishonwa kwa jinzi kuukuu, ndani imewekwa blanketi. Siku ya kumvisha, nusu imeshaingia, likatokea kosa. Yule jirani wa kikombe nusu alipita kwenye uzio wa nyuma, akamwona wifi amesimama peke yake na farasi mbovu, huruma ikamshika. Akapaza sauti, "Poleni jamani!"

Mteja alimburuta wifi uwanja mzima kabla wifi hajaachia. Kamba ikapasuka. Nilimfuata jirani mpaka barabarani na mwiko mkononi, na aliyoyasikia siku hiyo naamini anayo mpaka leo. Lakini haikusaidia kitu. Mteja alirudi kwenye kona yake kama siku ya kwanza, akakataa hata tepu, na mwezi ulikuwa unaishia.

Nilimkuta wifi anashona upya ile kamba, viganja vimechunika.

"Tumwambie daktari atuongezee muda," nikasema.

"Ule mguu hauna muda," akajibu. "Usiku namsikia anavyouhamisha." Akakata uzi kwa meno. "Anajua sasa kwamba mimi silisemi. Hilo hajalisahau. Ameogopa tu."

Akarudi na ndoo yake.

Daktari alipokuja, nilimshika mkono getini nikamweleza kuhusu neno. Nilitegemea ashangae, akatikisa kichwa tu, akasema, "Sawa, sitalisema." Mume wangu akafunga aproni yake ya ngozi. Mteja alikuwa amevaa kamba yake ya jinzi, wifi ameishikilia kwa vidole viwili. Daktari aliweka begi chini, na mimi nilijua sindano zote mbili zimo, ya kutibu na ile nyingine.

"Inua mkono, Mteja," akasema wifi.

Hakuinua. Alimtazama mume wangu na kile kisu. Mume wangu akaondoka. Akakaa mbali, akarudi. Akatazamwa, akaondoka tena. Daktari hakuangalia saa, namshukuru. Mara ya tatu wifi akamkuna begani, akashuka taratibu mpaka chini ya goti. "Mkono, dada. Wateja wengine wanasubiri."

Ukwato ukainuka, ukakaa kwenye mapaja ya mume wangu.

Kile kipande kilichopinda kilikatwa kikadondoka. Kisu kikaingia, tabaka baada ya tabaka, mpaka kikafika kwenye doa jeusi. Daktari akasema, "Hapo." Mume wangu akabonyeza, usaha ukaruka mweusi wenye harufu ya kutapisha, na Mteja akauchomoa mguu kwa uchungu, akaushusha kwa uzito wake wote juu ya mguu wa wifi.

"Mama yangu wee!"

Sote tulifungua midomo. Lile neno lilikuwa limeshanifika kwenye meno. Nikajiziba mdomo kwa mtandio. Daktari aligeukia ukuta akaung'ata mkono wake mwenyewe. Na mume wangu, mtu wa sauti ndogo, akapaza sauti mpaka vibanda vikaitika: "Chai, shemeji! Chai sana!"

Mteja akageuza sikio. Akasimama. Alikuwa anahema, macho yametoka, lakini alisimama, akamteremshia wifi kichwa chake kirefu kifuani kama anayetafuta kujua kelele ile ilikuwa ya nini. Wifi, machozi yanamtiririka, hajui acheke au alie, akasema, "Inua mkono, Mteja. Hatujamaliza."

Akainua.

Daktari alifunga begi lake bila kutoa ile sindano nyingine. "Msafishe kila siku," akasema. "Na mshike ukwato kwa kiganja. Sasa hivi una moto. Siku ukipoa, ujue ameshinda." Kidole cha mguu cha wifi alikifunga pia, bure, akasema ni cha mifugo vilevile.

Ikawa ndiyo kazi ya wifi, na mimi nikaruhusiwa kumshikia ndoo, kwa masharti ya kufunga mdomo. Niliyafuata. Kila asubuhi maji ya chumvi, dawa, kitambaa, halafu kiganja. Una moto. Una moto. Bado una moto. Mteja akaanza kunenepa, manyoya yakaanza kung'aa sehemu za mabega.

Asubuhi moja wifi alishika ukwato, akabadilisha kiganja, akashika tena. "Njoo ushike," akaniambia.

Nikachuchumaa, nikaweka kiganja changu. Ulikuwa na ubaridi wa kawaida, kama jiwe la kivulini.

Sijui kilichonipata. Mimi niliyemlilia kila mtu kwa maneno, nilikuwa sijamlilia ndugu yangu hata siku moja. Nilikuwa na kazi ya kuwapokea wageni, na kuwapa chai, na kumpa pole mke wake. Nikakaa chini palepale kwenye majani machafu, nikalia kwa sauti, nimeushika ukwato wa farasi.

Wifi akanitazama. Akaweka mkono begani kwangu.

"Pole, wifi," akasema. "Alikuwa mdogo wako."

Nilihisi mguu wa Mteja ukikaza mikononi mwetu, na ngozi yake ikisisimka mpaka juu. Hatukutikisika, wifi wala mimi. Tukasubiri pamoja naye. Fimbo haikuja. Hakuna kilichokuja, ila upepo kidogo, na sauti ya mume wangu akinoa visu huko mbele. Taratibu, ule mguu ukalegea, ukatuachia uzito wake wote.

Nilitakiwa nijibu, asante, nimeshapoa.

"Sijapoa," nikasema.

"Najua," akasema wifi. "Hata mimi." Akaupapasa ule ukwato, akaushusha chini. "Mteja katutangulia."